Viatu vya Kushoto

Naapa kwa meno yangu yaliyobaki kwamba haya yote ni kweli tupu. Nimestaafu, sitafuti cheo wala sina bosi wa kumfurahisha. Nilikuwa dereva wa idara ya upelelezi, na gari langu lilikuwa likikohoa mpaka ng'ombe wa kando ya barabara wanageuka kuitikia. Yale ambayo sikuyaona mwenyewe nilisimuliwa na Shangazi tukiwa njiani, na Shangazi hakuwa mtu wa kutia chumvi. Chumvi kidogo ikionekana, ujue imedondoka mkononi mwangu, na haikuharibu mchuzi.

Shangazi ndivyo kituo kizima kilivyomwita, mkuu wake akiwemo. Alikuwa mpelelezi mwenye mvi mbele ya kichwa tu, kama mtu aliyechungulia chungu cha majivu. Aliuliza maswali kama shangazi anayetaka kujua kama umekula: polepole, bila kukutisha, na huondoki mpaka umejibu.

Asubuhi hiyo alimpokea mwanamke mmoja aliyekuwa amekunja ngumi ya mkono wa kulia. Alisalimia kwa mkono wa kushoto, akaomba radhi, akakaa na ngumi ile mapajani. Shangazi hakumuuliza habari ya ngumi. Alimpa maji, akasubiri. Mwanamke alipochukua bilauri ilibidi aifungue ile ngumi, na ndani yake kulikuwa na kikopo kidogo cha vidonge.

Vilikuwa vya mume wake, fundi redio, mwenye kifafa. Akimeza kila siku ni mtu kama mimi na wewe. Akikosa, anaanguka, na mara ya mwisho alipokosa alianguka mfululizo mpaka daktari akasema wasirudie mchezo huo, maana ipo siku hataamka. Juzi mgambo wa kijiji alimchukua kwenye meza yake ya kazi, bisibisi mkononi. Tangu hapo hajaonekana. Mke alikwenda ofisi ya kijiji, akaambiwa mtu huyo hawajamwona.

Shangazi aliuliza kosa lilikuwa nini.

Kosa lilikuwa kucheka. Mwenyekiti wa kijiji alitangaza kikaoni kwamba kuanzia mwezi ujao uhuru wa kuuliza maswali utatolewa kwa zamu, kitongoji kwa kitongoji, ili kuepusha msongamano. Watu wote walitazama chini. Fundi redio akacheka, na kicheko chake kilikuwa cha mtu aliyezoea kujaribu spika.

"Walipomchukua walionyesha karatasi yoyote?" Shangazi aliuliza. "Hati ya kukamata?"

"Walionyesha rungu."

Mimi nilikwisha kamata funguo za gari. Shangazi akaniambia nikae. Alitoka akaenda zake mahakamani kutafuta hati ya upekuzi wa ofisi ya kijiji na majengo yake yote, na mwanamke yule akamfuata kwenye korido akiwa amefunga tena ngumi. Hakimu alikuwa katikati ya kesi ya mpaka wa shamba, na wenye shamba walikuwa bado wanabishana kuhusu babu zao.

"Shangazi, mume wangu huenda yuko chini anatapatapa," mwanamke alisema, "na wewe unatafuta saini."

Shangazi aliniambia baadaye kwamba hilo ndilo swali gumu kuliko yote ya siku ile, na lilitoka kwa mtu ambaye si mtuhumiwa.

"Mwanangu, nikiingia kwa watu bila hati, mwenyekiti atakuwa amepata mwenzake," alisema. "Kesi itafutwa, kesho kutwa atarudi mezani pake, na atakayecheka safari hiyo hatakuwa na mtu wa kumkimbilia. Hakimu akitoka tu, tunaondoka."

Hakimu alitoka, akasoma, akauliza mambo mawili, akatia saini. Tukaondoka. Mimi niliendesha kwa kasi ambayo gari lile halikuwa limeifikia tangu lilipokuwa kiwandani.

Kijiji kilikuwa kimoja cha vile vyenye barabara moja ya vumbi, duka la nyama, shule, na bomba la maji lenye foleni ya ndoo. Tulipokaribia foleni Shangazi akaniambia nipunguze mwendo. Nikadhani anatafuta sura. Kumbe anatazama miguu.

Muuza nyama alikuwa amevaa buti la mpira mguu wa kulia na kandambili mguu wa kushoto. Mwalimu, ambaye shati lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka linakata, alikuwa na kiatu cha kamba kilichong'aa kulia, na kushoto ndala ya bafuni. Bibi mmoja alikuwa na raba moja. Mguu mwingine ameufunga kitambaa. Nikasema maskini hawa watu, hali ngumu.

"Umaskini hauchagui mguu, dereva," Shangazi akasema. "Hawa wote wamekosa cha kushoto."

Alishuka akawasalimia, akauliza mmoja mmoja, kwa sauti ya chini. Muuza nyama alitazama mguu wake kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana, akasema kiatu kililiwa na mbwa. Mwalimu alisema ana kidonda. Bibi alisema, "Wajukuu hao," akageukia ndoo yake. Shangazi hakubishana na yeyote. Aligundua tu kwamba kila mmoja, kabla ya kujibu, alihakikisha kwanza kuwa jirani yake hasikii. Mtu aliyeliwa kiatu na mbwa husimulia foleni nzima. Anayenong'ona ana aibu, na aibu ya aina moja, ya mguu uleule, haiwapati watu wengi kiasi hicho kwa bahati mbaya.

Ofisi ya kijiji ilikuwa chumba kimoja chenye rangi ya bluu chini na nyeupe juu. Meza yenye kioo, chini ya kioo picha za harusi ya mwenyekiti. Viti viwili. Chini ya dirisha palikuwa na sanduku kubwa la mbao lililofunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake maua ya plastiki.

Mwenyekiti alikuwa mtu mnene mwenye adabu nyingi. Alimwita Shangazi "afande", akaagiza soda, akauliza hali ya barabara. Nyuma yake alisimama mgambo ambaye kijiji kilimwita Kifua, na kwa kweli kifua hicho kilikuwa kikifika mahali mapema, mwenyewe akafuata baadaye.

Shangazi alikataa kiti. Alisogeza maua ya plastiki, akakaa juu ya sanduku. Mwenyekiti akasema afande ataumia, kiti hiki hapa kina mto. Shangazi akasema anapenda mbao. Halafu akavuta pumzi na kutulia. Chumbani tulikuwa watu wanne, mke wa fundi akiwa mlangoni, lakini harufu ya miguu ilikuwa ya watu wengi, tena ya misimu tofauti.

Aliuliza habari za fundi redio. Mwenyekiti alisikitika sana. Alisema kijana yule anamfahamu, mcheshi, lakini ofisi haijawahi kumkamata yeye wala mtu mwingine yeyote. Wao kazi yao ni kushauri tu. Akamgeukia mgambo amweleze afande alichokiona.

Kifua alieleza kwa mtiririko mzuri kama mtu aliyefundishwa wimbo. Juzi jioni alikuwa njia panda. Alimwona fundi akipanda lori la saruji. Alimuuliza anakwenda wapi, naye akajibu anakwenda mjini kwa mke wake mwingine.

Mke wa fundi nilimwona akikibonyeza kile kikopo mpaka vidole vikawa vyeupe. Shangazi pia alimwona, lakini hakugeuka.

"Macho yako ni mazuri," alimwambia mgambo. "Alivaa nini?"

Shati la mistari, suruali ya kaki.

"Miguuni?"

"Viatu vyeusi."

"Vyote viwili?"

Kifua alishangaa swali. Alisema ndiyo, vyote viwili, tena vimepigwa rangi vinang'aa, mtu anakwenda kwa mwanamke atavaaje kimoja? Akacheka peke yake. Shangazi akamshukuru. Akasimama, akatoa hati ya hakimu, akaisoma yote bila kuruka mstari, akaiweka juu ya kioo, juu ya picha za harusi. Akaomba sanduku lifunguliwe.

Mwenyekiti alisema ufunguo umepotea. Halafu akasema uko nyumbani. Halafu akautoa mfukoni.

Sanduku lilijaa viatu. Vya ngozi, vya mpira, vya wazi, vya kike, viatu vya shule, na vyote, bila hata kimoja kukosea njia, vilikuwa vya kushoto.

Mwenyekiti alifuta jasho, akaanza kueleza, na cha ajabu alieleza kwa fahari kidogo, kama mtu anayeonyesha mashine aliyoibuni. Kijiji hakina mahabusu ya maana, ila stoo tu. Mtu akikorofisha analazwa stoo mpaka apoe. Akitoka, utajuaje kwamba ukimwita tena atakuja? Polisi wana dhamana. Yeye akabuni dhamana ya kiatu. Kimoja tu, kwa sababu viwili ni wizi.

"Na hati za kuwakamata?"

"Afande, hapa tunafahamiana. Hati ni ya watu wasiofahamiana."

Shangazi alinituma bombani niwaambie watu waje, kila mtu na kiatu chake cha kulia. Walikuja wakisitasita, wengine wamefungia viatu ndani ya khanga au mfuko. Shangazi alivipanga vya kushoto uwanjani mbele ya ofisi, na kila aliyekuja alitafuta mwenzake, akakaa chini, akavaa, akaulizwa swali moja: ulikamatwa kwa nini?

Muuza nyama alifunga duka mapema siku mwenyekiti alipopata wageni. Mwalimu alikataa kumpandisha darasa mtoto wa mwenyekiti. Bibi, kuku wake aliingia ofisini wakati wa kikao, na kwa kuwa kuku hakuwa na kiatu, akalala bibi. Hakuna aliyeonyeshwa hati, hakuna aliyepelekwa polisi wala mahakamani.

Na hapo lilitokea jambo ambalo Shangazi alilitazama kwa muda mrefu kuliko viatu. Watu wale walianza kutazamana miguu. Muuza nyama alimuuliza mwalimu, "Na wewe pia?" Mwalimu akasema mwaka jana. Bibi akasema yeye alidhani ni yeye peke yake, na kwa muda wote huo alikuwa akijiuliza ni kitu gani alichokosea hasa, maana serikali haiwezi kumlaza mtu stoo bure. Shangazi aliniambia njiani kwamba rungu peke yake haliwezi kutisha kijiji kizima. Kinachotosha ni kila mtu kuamini kwamba wenzake hawana kosa, mwenye kosa ni yeye peke yake.

Vilipoisha kuvaliwa, kilibaki kiatu kimoja. Cheusi, cha ngozi, pua imeshonwa kwa waya mwembamba wa shaba.

Mke wa fundi alipiga magoti akakiokota. "Nilimwambia ashone kwa uzi," alisema. "Akaniambia waya wa redio hauozi."

Shangazi alimtazama Kifua. Hakumwambia kitu kuhusu mjini, wala lori, wala viatu vyote viwili vinavyong'aa. Kifua mwenyewe alitazama kile kiatu, akamtazama mwenyekiti, na kifua chake kikashuka kama tairi lililopata msumari.

Mwenyekiti aliwahi. Akakubali: fundi alikamatwa, ndiyo, lakini aliachiwa jana. Kiatu kikabaki kama dhamana, utaratibu ni uleule. Alikokwenda, Mungu ndiye ajuaye. Mgambo alikosea tu upande wa viatu.

Shangazi akaomba kuona stoo. Ilikuwa nyuma ya ofisi, chumba kisicho na dirisha, na ilikuwa tupu. Sakafu ilikuwa na unyevu wa maji ya kusafishia. Mke wa fundi aliingia, akageuka huku na huku, akatoka, akakaa chini kando ya ukuta. Mimi nilidhani safari imeishia hapo.

Shangazi alibaki kizingitini akitazama nje. Uwanja wa nyuma ulikuwa umezungukwa na mikaratusi, na majani makavu yalikuwa yamejaa kila mahali, tabaka juu ya tabaka, mtu akipita yanalia kama karatasi. Hakuna aliyekuwa amefagia uwanja ule kwa majira mengi. Isipokuwa mahali pamoja. Kuanzia mlango wa stoo palikuwa na njia iliyofagiwa, upana wa ufagio mmoja, udongo mtupu wenye mistari ya chelewa, ikaenda moja kwa moja, ikakunja kwenye shina la mkaratusi, ikavuka uwanja wote.

"Nani alifagia hapa?" aliuliza.

Mwenyekiti alisema usafi ni agizo la kila siku.

"Usafi mzuri. Ila mmefagia alipopita tu."

Mtu akiburutwa juu ya vumbi, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, anaacha alama ambazo hata mimi ningezisoma. Waliliona hilo waliposikia gari langu, na gari langu husikika mbali. Wakafuta alama kwa ufagio, na hakuna aliyekumbuka kwamba ufagio nao unaacha njia. Shangazi aliifuata bila haraka, sisi sote nyuma yake, watu wa foleni wakiwa na viatu vyao viwili viwili, mpaka kwenye kibanda cha matofali kilichokuwa zamani kituo cha kukusanyia maziwa. Mlangoni kulikuwa na kufuli. Ufunguo ulikuwa kiunoni kwa Kifua.

Hakusubiri kuombwa. Alifungua mwenyewe, huku akisema kwa sauti ndogo isiyolingana na mwili wake. "Alianguka asubuhi, afande. Akatetemeka, akatoa povu. Tuliogopa. Mwenyekiti akasema mkimtoa hivi alivyo, mtaambiwa mmemuua."

Fundi redio alikuwa amelala kwa ubavu sakafuni, chini ya kichwa chake sweta la mgambo limekunjwa. Ulimi ameuuma, mdomoni damu imekauka. Mke wake alimwita kwa jina lao la ndani ambalo sitaliandika. Akaita tena. Mara ya tatu jicho moja lilifunguka, likatafuta, likampata. Alimwinua, akasubiri mpaka akaweza kumeza maji matupu kwanza bila kupaliwa, ndipo akafungua ile ngumi yake aliyoifunga tangu asubuhi. Baada ya kidonge fundi aliuliza kitu kimoja: kama kuna mtu amezima pasi ya risasi, ile ya kuunganishia nyaya, pale mezani kwake. Mke akamwambia ilizimwa. Akafumba macho, lakini safari hii kwa usingizi wa kawaida.

Shangazi alimgeukia mwenyekiti mbele ya watu wote. Alizungumza taratibu, kama anayemsomea mtoto.

"Nakukamata kwa kumfungia mtu kinyume cha sheria. Sina hati ya kukukamata, na nitakueleza kwa nini siihitaji: kosa nimelikuta linaendelea, na nimeliona kwa macho yangu. Unakwenda kituo cha wilaya. Leo utaandikishwa, kesho utasimama mbele ya hakimu, na yeye ndiye atakayeamua, si mimi. Kifua naye anakuja. Una haki ya kumwarifu mkeo sasa hivi. Umeelewa, au nirudie?"

Mwenyekiti alisema ameelewa. Halafu, bila mtu kumwambia, aliinama akaanza kulegeza kamba za kiatu chake cha kushoto.

"Acha," Shangazi akasema. "Unaondoka na vyote viwili."

Hakuna aliyecheka. Bibi wa kuku ndiye aliyesogea akamshika mkono asianguke, kwa sababu alikuwa amesimama kwa mguu mmoja.

Ilibaki kumfikisha fundi hospitali, na gari lilikuwa mbele ya ofisi, ng'ambo ya uwanja. Hapo ndipo mimi nilipoingia kazini. Nilimtupa fundi mgongoni kama gunia la unga, nikakata uwanja mzima mbio, majani yakiruka pande zote, sikupumzika, sikutoa hata jasho, nikamlaza kiti cha nyuma taratibu kama yai.

Nilipofika mstari huu nilikuwa nikiisoma sura hii kwa sauti mgahawani kwa mke wa fundi, maana anao mgahawa siku hizi, na wateja walikuwa wameacha vikombe kunisikiliza. Mwenyewe akaweka birika chini.

"Nani alimbeba?"

Nikarudia mstari, sauti ikiwa imepungua.

"Babu, wewe ulikuwa umeshika mlango wa gari," alisema. "Nilimbeba mimi. Toka kibandani mpaka kiti cha nyuma. Mguu wake mmoja ulikuwa unaburuzika kwenye majani, na kila mtu alitaka kunipokea, nikakataa. Niliogopa nikimwachia tena watanipotezea."

Nilitafuta shahidi kwenye kona, ambako fundi mwenyewe alikuwa ameinamia redio iliyofunguliwa kifuniko. Hakuinua kichwa. Alisema mgongo aliolalia siku ile anaufahamu vizuri, amekuwa akilala karibu nao tangu walipooana, na haukuwa na harufu ya petroli.

Mke wa fundi alinitazama kwa muda, si kwa hasira, kisha akanyoosha kidole nje. Mkokoteni ulikuwa ndiyo kwanza umefika na gunia la unga, gunia hasa, lile la kilo nyingi.

"Basi si unaweza kubeba," akasema. "Mpaka jikoni. Na bila kupumzika."

Wateja walihama meza ili wanitazame vizuri. Nilibeba. Nilipumzika kwenye ngazi, nikapumzika kwenye meza ya mwalimu, nikapumzika tena kwenye kitu ambacho baadaye niliambiwa ni mteja. Na mlango wa jikoni, ambao hufunguka kwa kuvutwa, ungenishinda kabisa, kama fundi asingeacha redio yake akaja kunishikia.